Yaya, shemeji anasema masashe yangu njo yalimupa mama mukwe kansere

Yaya Furaha, salama? Minakusalimia kutoka Kadutu, hapa Bukavu. Nasomaka safu yako kila juma na sikujua siku moja nitaandika na mimi.

Niko na miaka 34, batoto bane, bwana yangu ni mwalimu. Tunaishi na mama mukwe tangu baba mukwe alifariki, na niseme ukweli, mimi na mama tuko tunasikilizana, ye njo alinifundisha kupika sombe vile bwana anapenda, ata kufunika sufuria ya ndizi na sashe, ile mufuko ya plastiki, mbele ya kuweka kifuniko juu mvuke usitoke, ye njo alinionyesha.

Mwaka jana mwezi wa nane alisikia kitu kigumu ku ziwa ya kushoto, kadogo sawa mbegu ya avoka, akanyamaza nayo. Alikuja kutuambia ku Noeli, na saa ile ilikuwa imeshakuwa kama ndimu. Walimupasua, ziwa likatoka, kipande wakatuma Kigali, karatasi ikarudi na Kifaransa kingi lakini pale chini imeandikwa RE pozitifu 90%. Munganga akafurahi. Akasema ndani ya bahati mbaya hii ni bahati, kuna kinini inaitwa tamoksifeni, atakunywa moja kila siku miaka 5. Mama akaanza, alikuwa anaikunywa na chai ya asubuhi, anaifungaka ndani ya kona ya kitenge akienda kanisani, asisahau.

Sasa shida. Shemeji yangu, mudogo ya bwana, anaishi Lubumbashi, na ye njo mwenye kutumaka feza ya hopitali, kwa iyo akisema neno hakuna mwenye kujibu. Mwezi uliopita akatuma odio ya dakika 14 ku WhatsApp ya familia. Anasema amesoma, ati ndani ya plastiki mupo kemikali zinajifanya homoni, zinaingia ndani ya seli ya kansere zinabadilisha vile seli inakula, inaanza kula sukari kama kichaa, na dawa yake ni kuinyima. Basi mama asikule sukari, asikule bugali, ndizi, viazi, matunda yote, maziwa pia. Na ile kinini aache, juu ni kinini ya homoni na homoni njo ilileta ugonjwa. Kisha mwisho wa odio akauliza: "Na nani anapikaka kwa ile nyumba?"

Yaya, batu 23 biko mu ile grupe na bote banajua ni mimi. Ni mimi nafunikaka ndizi na sashe, bugali ya moto naifungaka ndani ya sashe juu ibakie moto mpaka bwana atoke ku masomo, ata mbabula naiwashaka na sashe, makala ikiwa na maji utafanya nini. Maji iko ndani ya bidoni za njano. Dada yake na bwana alikuja siku ya pili akatupa bakuli zangu zote za plastiki inje, majirani banaangalia.

Leo ni juma la tano. Mama anakunywa chai kavu na lengalenga. Tulimupima ku farmasi, amepunguka kilo 9, kitenge kinamuzunguka mara mbili. Bintu byote wamemunyanganya, wamemwachia tu mafuta yake ya kujipaka, ile ya kopo anapakaka asubuhi na mangaribi tangu nimekuja kwa ile nyumba, ngozi yake nyeupe nyororo, njo kitu kimoja kinamufurahisha. Bwana yangu nikimuuliza anasema tungoje kwanza.

Juzi niko natwanga, mama akaja akaikala ku kiti kidogo karibu yangu, akauliza na sauti ya chini, "Mwana wangu, ni kweli ulikuwa unanipikia sumu?" Nilishindwa kujibu, nikaendelea kutwanga.

Yaya, ni kweli? Ni mimi? Na akule sukari ao asikule? Na kinini je?

Muke-mwana wa Kadutu

*

Mdogo wangu, salama kidogo.

Kinini kwanza, mengine yatangoja. Kesho asubuhi, usisubiri jumatatu, mpigie yule munganga aliyempasua mama au mwende wenyewe, mumwambie ukweli kwamba ameacha tamoksifeni majuma matano, amepungua kilo 9, na mumuulize aanze tena leo leo au kuna kipimo kwanza. Usimwache mama aanze kwa kujificha na shemeji asijue, maana siri ya dawa ndani ya nyumba haikai, na siku ikifumuka wewe ndiye utakuwa mchawi mara ya pili.

Sasa nikueleze kwa nini nakimbiza hiyo kinini hivyo. Kabla ya kuandika safu nilifanya kazi maabara miaka mingi, kwa hiyo vumilia, nitaongea kidogo kama mtu wa maabara.

Ile RE kwenye karatasi ni vipokezi vya estrojeni. Seli ya kansere ya mama ina makufuli ndani yake, na ufunguo wa hayo makufuli ni estrojeni, homoni ambayo mwili wa mwanamke unaitengeneza yenyewe, hata mzee aliyekoma hedhi bado anatengeneza, safari hii ndani ya mafuta ya mwili. Ufunguo ukiingia, seli inapata amri: kua, gawanyika, kula. 90% maana yake karibu seli zote walizoangalia zina hayo makufuli, ndiyo maana munganga alifurahi. Tamoksifeni kwenye titi inafanya ule utundu wa watoto, si unajua mtoto anachukua njiti ya kiberiti anaichomeka kwenye kufuli ya mlango anaivunjia humo humo? Ufunguo unakuja, hauingii. Ndiyo hivyo tu. Inaitwa "dawa ya homoni" kwa sababu inapigana na kazi ya homoni, shemeji amesikia jina akadhani ni homoni yenyewe anakunywa. Na hii siyo dawa ya juzi, iko sokoni tangu miaka ya 1970, iko kwenye orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, na kwa wamama wenye RE pozitifu waliofuatiliwa miaka 15, kuinywa miaka 5 kulipunguza vifo vya kansere hii kwa karibu theluthi moja. Theluthi, mdogo wangu. Hakuna lengalenga inafanya hivyo.

Na hapa ndipo odio ya shemeji inanichekesha na kuniuma pamoja. Zile kemikali anazoziogopa, nyingi zinazojulikana zaidi mlango wao mkuu ni hiyo hiyo kufuli ya estrojeni. Yaani anaogopa wezi, halafu anamwambia mama ang'oe kile kilichoziba mlango!

(Madhara yapo, nisifiche. Joto la ghafla, jasho la usiku, hayo wengi wanayapata. Lakini mama akivimba mguu mmoja na unauma, au pumzi ikimkata ghafla, au akiona damu ukeni na yeye hedhi ilishakoma, hapo hamungoji asubuhi, mnaenda.)

Haya, tuje kwenye sukari, maana shemeji hakudanganya yote, na odio yenye nusu ukweli ndiyo inaua watu.

Ni kweli seli za kansere zinakula sukari vibaya. Mjerumani mmoja, Otto Warburg, aliona hilo miaka ya 1920, na mwaka 1931 akapewa Nobel kwa kazi yake juu ya namna seli zinavyopumua. Aliona kwamba seli ya kawaida ikiwa na hewa ya kutosha inachoma glukozi mpaka mwisho kabisa, kama mbabula nzuri, makala inabaki majivu meupe. Seli ya kansere hata hewa ikiwepo inachoma nusu nusu tu halafu inatupa mabaki, hayo mabaki ni laktati. Kwa chembe moja ya glukozi, ile ya kawaida inapata sarafu za nguvu karibu 30, hii ya kansere kwa njia yake ya haraka inapata 2. Sasa ukipata 2 pale mwenzio anapata 30 utafanya nini, si utabeba magunia ya makala kila siku? Ndiyo inavyofanya, inaongeza milango ya kuingizia glukozi kwenye ngozi yake, inavuta, inavuta. Mashine za hospitali kubwa zinazoitwa PET zinatumia tabia hiyo hiyo, mgonjwa anadungwa sukari yenye mionzi kidogo na uvimbe unawaka kwenye picha.

Kwa nini seli ipoteze hivyo? Kwa sababu moto siyo shida yake pekee. Seli inayotaka kugawanyika inatafuta matofali, na vile vipande vya sukari iliyochomwa nusu inavichukua kujengea mafuta ya ukuta wake mpya na vitu vya ndani ya kiini. Anayejenga nyumba haruhusu mbao zote ziende jikoni.

Sasa sikiliza kosa liko wapi. Shemeji anadhani sukari ya damuni inatoka kwenye sahani tu. Mama akiacha kula bugali hata mwezi, damu yake bado itakuwa na glukozi, miligramu 70 mpaka 100 kwa desilita asubuhi kabla ya kula, kwa sababu ubongo hauwezi kukaa bila hiyo, na ini litaitengeneza kwa lazima. Litaitengeneza kwa kutumia nini? Kwa nyama ya mikono yake na mapaja yake. Hata ile laktati ambayo kansere inatupa, ini linaiokota linaigeuza glukozi tena. Na ukiipunguzia sukari seli ya kansere inageukia vitu vingine, mafuta, na kitu kinaitwa glutamini ambacho kinatoka hasa kwenye misuli. Kwa hiyo hizo kilo 9 siyo kansere iliyofunga njaa, ni misuli na mafuta ya mwili wa mama, ni nguvu ambayo angetumia kupona kidonda na kuvumilia dawa.

Basi apewe chakula. Leo. Bugali, sombe, maharage, mayai, sambaza za ziwani, maziwa kama anayapenda, avoka nusu kila siku, matunda. Kijiko cha sukari kwenye chai hakina kesi. Sukre za chupa, yaani soda, ndizo ningezipunguza kwa kila mtu mwenye tumbo linaloanza kuning'inia, kwa sababu unene baada ya hedhi kukoma unaongeza estrojeni na insulini (homoni ya kongosho inayoshusha sukari ya damu), lakini hiyo ni hesabu ya mtu mnene, siyo ya mtu ambaye kitenge kinamzunguka mara mbili. Na kwa sababu amekaa majuma matano bila chakula cha maana, aanze kidogo kidogo mara nyingi, msimjazie sahani siku ya kwanza, na hilo pia mwambieni munganga.

Sasa kemikali. Hapa ndipo nitakaa kidogo, maana nilitegemea siku moja mtu ataniuliza.

Kuna mama mmoja mwanasayansi, Ana Soto, na mwenzake Carlos Sonnenschein, walikuwa chuo cha Tufts kule Boston. Walikuwa wanafuga seli za kansere ya titi zinazoitwa MCF-7, zilitolewa kwa mtawa mmoja Marekani mwaka 1970 na mpaka leo maabara dunia nzima zinazitumia, nazo ni RE pozitifu kama za mama yako. Zile seli ukiziondolea estrojeni kwenye uji wanaozilisha, hazikui, zinakaa tu. Siku moja wakafungua wakakuta zimekua zote, hata sahani ambazo hazikuwekewa estrojeni hata tone. Wakadhani kuna mtu amechafua. Wakaosha kila kitu, wakabadilisha hiki, wakabadilisha kile, miezi, mpaka wakafika kwenye vichupa vya plastiki walivyokuwa wanahifadhia uji wenyewe. Kiwanda kilikuwa kimebadilisha mchanganyiko wa plastiki bila kuwaambia. Ilikuwa inatoa kitu kinaitwa nonilifenoli, na seli zilikipokea kama estrojeni. Walichapisha mwaka 1991. Mi kila nikikumbuka hiyo hadithi natazama vichupa vyetu vya maabara kwa jicho la upande.

Kwa hiyo shemeji akisema plastiki inaweza kujifanya homoni, mpe haki yake. Bisfenoli A, ile wanaifupisha BPA, ilijulikana kuwa na tabia ya estrojeni tangu 1936, Mwingereza Dodds aliipima akitafuta dawa, ndipo baadaye ikawa malighafi ya plastiki ngumu na ya rangi inayopakwa ndani ya mikebe. Ukiiweka kwenye seli kama zile MCF-7 inaamsha kufuli, na kufuli ikiamka ndipo ulaji unapobadilika: milango ya glukozi inaongezeka, laktati inaongezeka, kiwanda cha mafuta cha seli kinawashwa. Na haifanyi kazi kwenye uvimbe tu. Mwaka 2006 wataalamu wa Hispania waliwapa panya BPA kidogo na kongosho zao zikamwaga insulini kupita kiasi, mpaka mwili ukaanza kuizoea insulini usiisikie, na insulini nyingi ni mbolea kwa seli nyingi za kansere. Mwaka huo huo kule California wakaona kemikali nyingine, ile ya bati waliyokuwa wanapaka meli chini zisiote konokono, inafanya panya watengeneze seli za mafuta zaidi, na mafuta karibu na titi yanalisha uvimbe moja kwa moja, tena yanatengeneza estrojeni. Unaona hapo, seli yenyewe, kongosho, mafuta, pande tatu zinasukuma gari moja.

Lakini (na hii lakini shemeji hakuisoma, au aliisoma usiku akiwa amechoka) BPA kwenye ile kufuli ni ufunguo dhaifu sana, mara elfu na zaidi dhaifu kuliko estrojeni ya mama mwenyewe. Na sahani ya maabara siyo mtu, mtu ana ini na figo, BPA nyingi unaikojoa ndani ya siku moja. Zinazotisha zaidi ni zile zinazokaa mwilini miaka, na wakati unaotisha zaidi ni tumboni na utotoni. Kuna dawa moja ya estrojeni ya kiwandani, DES, wamama wajawazito wa Marekani walipewa kuanzia miaka ya 1940 ati isaidie mimba, mwaka 1971 ikaonekana mabinti waliozaliwa wanapata kansere ya uke ambayo ni nadra mno kwa wasichana. Na DDT, ile ya mbu: kule California walikuwa wamehifadhi damu ya wamama wa miaka ya 1960, mwaka 2015 wakaonyesha kwamba mabinti ambao mama zao walikuwa na DDT nyingi zaidi damuni walipata kansere ya titi karibu mara nne zaidi. Hesabu miaka hapo. Hamsini. Wewe hata hukuwa umezaliwa.

Ndiyo maana nakuambia hivi: hakuna munganga duniani anayeweza kushika uvimbe wa mama yako akasema huu umeletwa na sashe ya Kadutu. Umri peke yake unaleta kansere ya titi kuliko vitu vingi tunavyovibishania. Shemeji amechukua sayansi ya namna seli inavyokula akaigeuza kesi ya nani alipika.

Na hata kwenye kesi yake amekamata mtu ambaye siye. Sashe nyembamba ni polietileni, haina BPA. Bidoni za njano pia siyo plastiki ya BPA, shida ya bidoni ni ilibeba nini kabla ya maji, kama ilibeba dawa ya mashamba itupe, kama ilibeba mafuta ya kula osha endelea. BPA hupatikana ndani ya mikebe mingi ya tomati na samaki, na kwenye ile plastiki ngumu ya kuangaza kama kioo. Hao mbona hakuwataja? Mikebe ya tomati iko kwenye kila kabati la Lubumbashi, la kwake pia.

Sikusafishi kabisa lakini. Sashe na moto visikutane tena. Inapopashwa moto na ndizi za mafuta mafuta inaachia vitu ilivyochanganywa navyo, rangi, vilainishi, na zile nyeusi hujui zimeyeyushwa kutoka takataka gani. Rudi kwenye majani ya ndizi, bibi zetu walifunika nayo, mvuke hautoki na harufu inakuwa tamu zaidi, bugali ifunge kwenye kitambaa safi ndani ya sahani ya bati. Na kuwasha mbabula kwa sashe, mdogo wangu, hilo ndilo lingenifanya nikuchape. Plastiki ikichomwa hovyo, hasa zile aina zenye klorini, inatoa sumu zinazoitwa dioksini, na ile mbaya zaidi ya jamii hiyo imewekwa tangu 1997 kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyoleta kansere kwa binadamu. Hiyo haitumii kufuli ya estrojeni, ina mlango wake mwingine, na ikishaingia kwenye mafuta ya mwili inachukua miaka kama 7 kupungua nusu. Wewe ndiye unaiinamia na mtoto mgongoni. Tumia vigunzi vya mahindi, vijiti vikavu, makala anika juani hata saa moja.

Ujue pia vile vinavyotoka haraka vinatoka kweli. Mwaka 2011 familia tano za San Francisco zilikula chakula kipya cha sokoni kilichopikwa bila mikebe wala plastiki kwa siku 3 tu, BPA kwenye mkojo ikashuka kupita nusu. Siku tatu. Kwa hiyo tomati nunua zile za fungu pale sokoni, hiyo inatosha kwa upande wa mikebe, na bakuli za plastiki zilizotupwa usizililie, ila za chakula baridi hata ungebaki nazo isingekuwa neno.

Shemeji sasa. Usijibu kwenye grupe. Mtu anayetuma feza akipingwa mbele ya watu 23 atashikilia hata uongo, na hospitali bado inamhitaji. Bwana yako ndiye ampigie, ni mdogo wake, na "tungoje kwanza" imeshakula kilo 9, umwambie hivyo kwa upole wakati amekula ameshiba. Apige simu akiwa kwa munganga, ampe munganga simu waongee wenyewe kwa Kifaransa chao, amsomee na ile karatasi. Shemeji yuko mbali, anaogopa, mama ni wake, amepata kitu cha kushika amekishika kwa mikono miwili. Mpeni kingine cha kushika: atume ya mayai na maziwa kila juma, aulize kilo za mama kila jumamosi.

Na mama. Swali alilokuuliza kwenye kinu lazima ulijibu, usimwache nalo. Najua jibu liko kwenye ncha ya ulimi, si wewe ndiye ulinifundisha kufunika na sashe? Lirudishe. Ukilitoa utamhamishia yeye mzigo ulio nao wewe, na yeye ndiye mgonjwa. Kaa kwenye kile kiti kidogo, mshike mkono, mwambie, "Mama, sumu sijakupikia. Munganga anasema ugonjwa huu hauna aliyeupika. Leo nimekutengenezea sombe na sambaza, tukule pamoja." Halafu ule kweli, kwenye sahani moja naye.

Bado kitu kimoja, na wewe umekiandika kama vile unapita njia. Yale mafuta ya kopo. Ngozi nyeupe nyororo, asubuhi na mangaribi, miaka yote hiyo? Wamepekua jikoni mpaka bidoni, mafuta yanayoingia kwenye ngozi ya mama mara mbili kwa siku wameyaacha. Sisemi yameleta kansere. Ila mengi ya kung'arisha yanayouzwa huku yana dawa kali ya jamii ya kortizoni, klobetasoli, ambayo nayo inavuruga homoni za mwili, inapandisha sukari ya damu kuliko kijiko cha chai wanachomnyima, inapunguza ngozi mpaka kidonda cha operesheni kinachelewa kufunga, na mengine yana zebaki ambayo inakwenda kwenye figo. Usimnyang'anye ghafla hata hivyo, kama kuna klobetasoli ndani na amepaka miaka, mwili wake unaweza kuwa umesahau kutengeneza ya kwake, na kuacha kwa siku moja kunaweza kumwangusha. Munganga lazima aone hilo kopo, apime na sukari ya damu siku hiyo hiyo. Libebe kwenye mfuko mkienda, na kabla ya kwenda geuza nyuma pale wanapoandika vilivyomo, piga picha, nitumie nisome.

Yaya Furaha